Wokmeni ya zamani asubuhi inaimba safi, ikifika mchana inalegea: belti, mota au kaseti?

#1 Mgosi_Chumbageni
Wakuu habari za saa hizi. Nina wokmeni ya mshua ya miaka ya 80, bodi ya chuma siyo hizi plastiki, chapa siitaji maana nawajua humu, nikitaja tu mnaacha shida yangu mnaanza kugombania chapa. Ilikaa kabatini miaka na miaka, nikaitoa, nikasafisha hedi kwa spiriti na pamba, nikatia betri mpya mbili ikaimba. Sasa tatizo lenyewe ndo hili, asubuhi jua halijapanda inacheza vizuri kabisa, ikigonga saa saba hivi mwimbaji anaanza kulegea, maneno yanaburuzika, mpaka jioni upepo wa bahari ukianza kuvuma inarudi yenyewe. Haiyumbi juu chini, inashuka tu inabaki hukohuko chini. Fundi mmoja hapa mjini kaniambia tupa nunua spika ya bluetooth. Sitaki. Kuna aliyewahi kukutana na hii kitu?

#2 Wa_Mombo
Na yenyewe imesikia joto la Tanga ikaamua kupumzika mchana. Iache ilale mkuu 😂

#3 dogo_Makorora
Betri hizo bro. Ni za kuchaji au za kawaida? Za kuchaji moja ina 1.2 siyo 1.5, mbili unapata 2.4 badala ya 3. Kuna mashine hazitaki hiyo kabisa zinaanza kuchechemea mapema.

#4 Mgosi_Chumbageni
@dogo_Makorora za kawaida, mpya. Na nimejaribu adapta ya volti 3 mchana huohuo, vilevile tu. Betri tuzitoe kwenye kesi.

#5 KahawaTungu
Belti. Sihitaji hata kuiona. Mpira wa miaka 40 ukipata joto unalainika unateleza kwenye puli, basi, kesi imefungwa. Kuna nyingine zikizeeka zinageuka kabisa utomvu mweusi, ukigusa unatembea nao mkononi siku nzima na sabuni haiutoi. Weka belti mpya uendelee na maisha.

#6 Mzee_wa_Lehemu
Vijana msiwe na haraka ya kufunga kesi. Mie nimefungua redio Ngamiani tangu enzi za mkulima, na hivi vidude vidogo vilinilisha. Mashine ya namna hii kuna vitu vinne vinavyoweza kuivuta nyuma, mota yenyewe, belti, ule mchuma mwembamba unaovuta utepe pamoja na rola yake ya mpira, na kaseti. Kabla hujanunua chochote, niambie mambo mawili. Belti iliyomo ni ya kiwandani au kuna mtu aliibadilisha? Na unaisikilizia wapi, ndani au kibarazani juani?

Hilo la adapta nalo, umetazama mchoro wa chanya na hasi pale kwenye tundu? Nyingi za zamani chanya iko nje na hasi katikati, kinyume na adapta nyingi za siku hizi. Nimeona watu wameunguza mashine nzima kwa kuchomeka tu.

#7 Mgosi_Chumbageni
Shikamoo mzee. Adapta nilitazama mchoro kwanza, iko sawa. Naisikilizia chumbani, dirisha linatazama barabara, juu bati bila dari kwa hiyo mchana mnajua wenyewe. Belti ndo hapo sasa, ya kiwandani ilishakatika, yuleyule fundi wa bluetooth alinikatia nyingine kutoka tyubu ya baiskeli. Imebana kweli.

#8 KahawaTungu
Tyubu ya baiskeli!!! Kwa Tanga hii nisingeshangaa, baiskeli ndo zimejaa. Sasa unauliza nini tena?

#9 Saketi_Fupi
Mzee wangu wa Lehemu shikamoo. Kwa heshima zote naona mnakimbilia mpira kwa sababu ndo unaoonekana kwa macho. Hizi wokmeni zina kisaketi kinachotawala spidi ya mota, ndani yake kuna kapasita ndogo za maji. Kapasita ikishakauka au kuvuja, joto likiongezeka tabia yake inabadilika, mota inapewa umeme pungufu, spidi inashuka. Ukiipoza inarudi. Ndo dalili zilezile za mleta mada. Nimeshabadilisha nyingi tu kwenye mashine za mwisho wa miaka ya 80, zile zenye kapasita zilizobandikwa juu ya bodi moja kwa moja, zinavuja kimyakimya zinakula mpaka njia za shaba.

Halafu @KahawaTungu, belti ikiteleza kwa kawaida haishuki ikatulia. Inashika inaachia, inashika inaachia, unasikia mtetemo kwenye sauti za kuvuta. Jamaa kasema haiyumbi.

#10 bintiPangani
Samahani naingilia. Mbona hakuna aliyeuliza kaseti gani? Mie nahamishia kaseti za mama kwenye kompyuta, taarabu tupu, na nimejifunza kwa maumivu kwamba nusu ya magonjwa ya deki ni magonjwa ya kaseti. Huku kwetu unyevu na chumvi ya bahari, utepe unaota ukungu mweupe pembeni, zile karatasi laini za ndani zinajikunja, utepe unajibana kwenye gamba, mashine inavuta kwa shida. Na kama ni C-120, ile ya dakika 120, ndo usiseme, utepe wake mikroni 9 tu, C-90 ni kama 12, C-60 ni kama 18. C-120 kwenye kimashine kidogo namna hiyo ni kutafuta msiba.

#11 Mgosi_Chumbageni
Dada ni C-90, mshua alirekodi redioni. Ina vitu vya Black Star na upande wa pili naona kuna Jamhuri Jazz.

#12 Ngalawa2
Duh Jamhuri Jazz, wale wa Dar. Hiyo kaseti ni hazina, usiitoe kwa mtu.

#13 Mzee_wa_Lehemu
@Ngalawa2 wa Dar wa wapi? Jamhuri Jazz ni ya hapahapa Tanga, walianza wakiitwa Young Nyamwezi, wapinzani wao wakubwa Atomic Jazz nao wa hapahapa. Ngoma za mji wako unazigawa bure.

#14 Wa_Mombo
Mzee kamshika mtu. Ngalawa imezama hiyo 😂😂 bado moja

#15 Ngalawa2
Nimepokea mzee wangu, yaishe.
Lakini turudi kwenye mada, wokmeni si zimeanza 82 hivi? Na kaseti zenyewe si Sony hao hao waligundua? Nauliza kwa sababu kama ni ya mwanzo kabisa labda kuna kosa la kuzaliwa nalo.

#16 Saketi_Fupi
Hapana. Kaseti ni Philips wa Uholanzi, waliitoa 1963 kwenye maonyesho ya Berlin. Sony wao walileta wokmeni, TPS-L2, tarehe 1 Julai 1979 huko Japani, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha chungwa, ukikibonya unaongea na mwenzako wimbo unapungua sauti. Japani waliacha kuziuza za kaseti 2010. Kosa la kuzaliwa haliji leo baada ya miaka 40, huu ni uzee.

#17 Ngalawa2
Leo siyo siku yangu.

#18 Mzee_wa_Lehemu
Narudi kwa Mgosi. Mnabishana spidi imeshuka, imeshuka, kiasi gani? Sikio linadanganya, hasa nyimbo ambazo hukuzisikia zikiwa mpya. Fanya hivi, hakuna gharama.

Chukua kaseti mbovu ya C-60 isiyo na maana lakini yenye sauti iliyorekodiwa, iwe na maneno mfululizo. Toa utepe nje, upime kwa rula mita 4 na sentimita 76. Mwanzo wa kipimo gusa utepe kwa sumaku kidogo, mwisho wa kipimo gusa tena. Sauti itakufa hapo kwa nukta moja. Rudisha utepe ndani kwa kalamu ya Bic, hiyo unaijua. Sasa cheza, shika saa ya simu, hesabu tangu sauti inapokufa mara ya kwanza mpaka ya pili. Kaseti inakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo lazima upate sekunde 100. Ukipata 103 mashine iko nyuma asilimia tatu hivi. Ukipata 97 inakimbia. Asubuhi pima, mchana pima, ulete majibu hapa. Sumaku weka mbali na kaseti ya mshua tafadhali.

#19 dogo_Makorora
Mzee hii kitu ni noma, kuna watu wananunua kaseti za kupimia kwa dola.

#20 Saketi_Fupi
Saluti. Na ni nzuri kuliko zile za mtu kurekodi mlio wa hezi 3150 nyumbani, maana ukirekodi kwenye deki ambayo yenyewe imechoka unapima uongo kwa uongo. Hii ya mzee haitegemei deki ya mtu yeyote, ni rula tu.

#21 KahawaTungu
Ukimaliza kupima mita zako ubadilishe belti.

#22 Mgosi_Chumbageni
Majibu haya hapa wakuu. Asubuhi nimepata sekunde 98. Nimerudia, 98 ileile. Mchana saa saba na nusu 103 na kidogo. Sasa asubuhi ambayo mie nasema inaimba safi kumbe inakimbia?

#23 Mzee_wa_Lehemu
Eeh. Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kuna mtu alishagusa kile kiskrubu cha spidi. Mara nyingi kiko kwenye bodi, kimeandikwa VR au kuna kitundu nyuma ya mota. Mtu aliipata mchana imelegea, akaizungusha ipande, akaona kazi kwisha. Ugonjwa ukabaki, akaufunika tu. Maana yake pia ugonjwa huu ni wa zamani, haukuanzia kwenye kabati lako wala kwenye tyubu ya baiskeli.

#24 Wa_Mombo
Mshua huyo alikuwa fundi wa siri. Muulizeni.

#25 Mgosi_Chumbageni
Alishatangulia mbele ya haki mkuu. Ila alikuwa na bisibisi ndogo za saa, hilo ni kweli.

#26 Wa_Mombo
Pole sana mkuu, Mungu amrehemu. Sikujua.

#27 Saketi_Fupi
Pole Mgosi.
Kama una mita, pima mambo mawili, asubuhi na mchana. Moja, ampea zinazotoka kwenye betri wakati inacheza. Mbili, volti kwenye miguu miwili ya mota. Mchana volti za mota zikishuka, saketi ndiyo inambania, nitakuwa nimeshinda. Zikipanda na bado inakwenda polepole, maana yake saketi inaona mota inazidiwa inaiongezea nguvu, hapo tatizo ni la kimashine, kuna kitu kizito. Kwa wokmeni za wakati huo miliampea mia hivi ni kawaida, inategemea aina.

#28 dogo_Makorora
Na belti ikiteleza je, ampea zinafanyaje?

#29 Saketi_Fupi
Zinashuka au zinabaki. Mota inapata wepesi, haivuti kitu. Ndo maana nasema @KahawaTungu ajiandae.

#30 KahawaTungu
Nasubiri hapa na kahawa yangu na kashata.

#31 bintiPangani
Naongeza jaribio langu. Kaseti pekee iweke dirishani ipate joto la chumba cha mchana, mashine iache mahali pa baridi, halafu zikutanishe. Siku nyingine ufanye kinyume, mashine imepata joto, kaseti imetoka sehemu ya baridi. Ukitumia friji, tia kwanza kwenye mfuko wa nailoni ufunge vizuri, na ikitoka usiufungue mpaka irudi kwenye joto la kawaida la chumba, la sivyo utapata maji ndani, na ukungu wa Tanga hauhitaji kuongezewa. Mama yangu aliweka kaseti kwenye friji bila mfuko ati isiharibike, sitaki hata kueleza.

#32 Ngalawa2
Eleza bwana.

#33 bintiPangani
Ilikaa jirani na papa mkavu. Ilicheza. Ila chumba chote kilijua inacheza.

#34 Mgosi_Chumbageni
Nimeazima mita kwa jamaa wa bandarini. Shikilieni viti. Asubuhi miliampea 105, mota volti 1.6. Mchana miliampea 150, mota volti 1.9. Na la dada wa Pangani nimefanya pia kwa ile C-60 ya kupimia, kaseti ya joto kwenye mashine ya baridi sekunde 99 na nusu. Mashine ya joto na kaseti ya baridi 102. Zote mbili zikiwa na joto ndo 103.

#35 Saketi_Fupi
Basi naweka silaha chini kuhusu kapasita. Volti zimepanda, ampea zimepanda, kisaketi kinahangaika kusaidia. Kuna kitu kizito. Lakini siyo lazima kiwe nje ya mota, brashi za mota zikichakaa unga wake unajaa kwenye vipande vya shaba mle ndani, inakula ampea nyingi bila kutoa nguvu. Ikipata joto inazidi. Mota inaweza kuwa mgonjwa yenyewe.

#36 KahawaTungu
Na mie sisalimu amri. Sijasema lazima iteleze tu. Tyubu ya baiskeli nene, kaitaja mwenyewe imebana kweli. Belti ikibana sana inavuta mhimili wa mota upande mmoja na ule mchuma upande wake, visahani vya shaba vinasuguana, ampea juu. Belti inatakiwa iwe fupi kuliko njia yake kidogo tu, kama asilimia tano, na iwe ya mraba nyembamba yenye unene uleule mwanzo mwisho. Tyubu aliyoikata kwa mkasi unene wake ni bahati nasibu.

#37 dogo_Makorora
Si ulisema inateleza, sasa inabana?

#38 KahawaTungu
Nilisema BELTI. Soma #5 mstari wa kwanza neno la kwanza.

#39 Wa_Mombo
Wakili huyu apewe kesi za ardhi.

#40 Mzee_wa_Lehemu
Kahawa ana hoja, ila hajajibu kwa nini joto. Belti ya mpira ikipata joto inalegea, ingepunguza kubana, mchana ingekuwa nafuu. Mie nashuku ule mchuma unaovuta utepe na kitundu chake cha shaba. Mafuta ya kiwandani yamekauka, mtu kaongeza mengine yasiyofaa. Nimeshakuta mafuta ya nazi humo. Mafuta ya nazi! Nimekuta ya kula, nimekuta ile dawa ya kupuliza ya kufungulia nati zenye kutu, inalainisha wiki moja kisha inaacha gundi. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha, na usiguse rola wala belti.

#41 Saketi_Fupi
Mzee lakini mafuta, hata mabovu, yakipata joto yanakuwa mepesi. Ingekuwa mafuta, ugonjwa ungekuwa asubuhi, mchana ikapona. Hii imegeuka.

#42 Mzee_wa_Lehemu
Yakiwa mafuta bado ni mafuta, kweli. Yakishakuwa gundi, joto linayafanya yanate. Na chuma nacho kinatanuka, pale palipokuwa na nafasi ndogo hapana tena. Nimeona kwa macho.

#43 Saketi_Fupi
Sikatai macho yako mzee, ila nafasi ya kitundu kile kutanuka kwa digrii nane au tisa tu za chumba? Bado sijashawishika.

#44 bintiPangani
Mmesahau rola ya mpira. Mpira wa zamani ukipata joto unanata, unaushika utepe na unang'ang'ania ule mchuma. Mie zangu naziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya chombo, nakausha siku nzima, spiriti siweki kwenye mpira inaukausha ukapasuka. Halafu kaseti nayo msiiachie, ya joto peke yake imepunguza spidi, sekunde zimetoka 98 hadi 99 na nusu. Na hiyo ilikuwa C-60 nzito, C-90 ya mshua itakuwa zaidi.

#45 Ngalawa2
Spiriti kwenye mpira mie natumia miaka yote haijapasuka. Mnatisha watu.

#46 Mzee_wa_Lehemu
Ya hospitali ina maji mengi ndani ndo maana. Ile kali ya duka la elektroniki ndo inakausha.

#47 Mgosi_Chumbageni
Kwa hiyo tuna mota, belti nene, mchuma na gundi ya mafuta, rola inayonata, na kaseti. Jumamosi naifungua. Nianze na lipi?

#48 Saketi_Fupi
Toa belti kabisa, washa mota peke yake mchana saa saba, pima ampea. Zikiwa bado juu, mota. Zikishuka sana, twende kwa wengine. Halafu zungusha lile gurudumu zito kwa kidole, lipige lizunguke huru, uone linasimama ghafla au linakwenda.

#49 KahawaTungu
Anatoa belti. Nimefurahi.

#50 bintiPangani
Mgosi kabla ya bisibisi yoyote, ile C-90 hamishia kwenye kompyuta kwanza, na siyo kwa wokmeni hiyo. Mie nina deki kubwa ya nyumbani iliyopimwa, spidi ikiwa na tofauti unairekebisha kwenye programu baadaye, nusu toni ya muziki ni kama asilimia sita kwa hiyo huyo mwimbaji wako wa mchana hajashuka hata nusu toni. Ukungu ukiuona pembeni usiicheze popote mpaka isafishwe, utaambukiza hedi na kaseti zote zinazofuata.

#51 Mgosi_Chumbageni
Asante dada, nitaku-PM. Ukungu sijaona ila nitatazama kwa tochi.

#52 Ngalawa2
Dada ukishahamisha upande wa Jamhuri Jazz ya TANGA utuwekee hapa 🙏

#53 Wa_Mombo
Amejifunza huyo. Coastal bingwa mwaka gani?

#54 Ngalawa2
1988. Hiyo hunipati.

#55 Mzee_wa_Lehemu
Mgosi, kile kiskrubu cha spidi usikiguse Jumamosi hata ikukere vipi, mpaka uzito umeondoka. Na ukifungua piga picha kila skrubu ilikotoka, za mashine hizo urefu haufanani, ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inatoboa bodi. Nitakuwepo humu saa nane baada ya swala.